Ruzuku za utafiti wa afya: mradi ukiisha, kwa nini maabara nayo inalala?

Pipeti Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Niko ofisi ya miradi kwenye taasisi moja ya utafiti hapa Bongo. Ninachoandika ni cha mtu wa makaratasi, watafiti wenyewe wataongezea.

Tangu 2025 vijiweni kwetu wimbo ni mmoja. Januari Marekani ilisimamisha misaada. Tarehe 1 Mei NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ikatangaza kwamba vyuo vya Marekani havitawagawia tena washirika wa nje mafungu mapya kutoka kwenye ruzuku zao hadi utaratibu mwingine uwekwe. Tarehe 1 Julai USAID, shirika lao la misaada, likafungwa rasmi. Kila mtu anauliza pesa zitatoka wapi. Mimi nauliza la nyuma yake: zilipokuwepo, zilijenga kitu gani ambacho kingesimama bila hizo pesa?

Kwa ninavyoona, nyingi zilijenga miradi, na chache sana zilijenga taasisi. Tofauti yake iko kwenye mstari mmoja wa bajeti ambao watafiti wengi huupita bila kuusoma: gharama za uendeshaji, ile tunayoiita ovahedi.

Kanuni ya NIH kwa taasisi iliyo nje ya Marekani ni kwamba ovahedi haizidi asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja. Kwa vyuo vya kwao, kila chuo kina kiwango chake cha makubaliano, na cha Harvard kilikuwa asilimia 69. Februari 2025 NIH ilipotaka kuwashusha wote hadi 15, majimbo na vyuo vilikimbilia mahakamani vikisema maabara zitafungwa, na mahakama ikazuia. Kumi na tano! Sisi tunaishi na 8 na tunaambiwa tujenge uwezo.

Ovahedi inalipa nini? Mhasibu. Afisa manunuzi. Mkaguzi wa ndani. Umeme wa LUKU, na dizeli ya jenereta LUKU isipotosha. Intaneti. Karani wa kamati ya maadili. Fundi wa vifaa tiba. Hakuna mgeni rasmi aliyewahi kukata utepe mbele ya mhasibu, ndiyo maana vitu hivi havimo kwenye picha za uzinduzi. Ila bila hivyo hakuna taasisi, kuna jengo lenye bango la mfadhili.

Sasa tazameni mzunguko wenyewe. Mradi A unaajiri mhasibu kwa mkataba wa miaka mitatu. Mradi unaisha, mhasibu anaenda benki. Mradi B unakuja na mhasibu mpya asiyejua mafaili ya mwenzake yako wapi. Wakaguzi wanakuja, hati tatu hazionekani, ripoti inaandikwa kwamba udhibiti ni dhaifu. Mfadhili anasoma, anaamua safari ijayo pesa zipitie chuo cha Ulaya au Marekani, sisi tupewe kipande. Kipande kinakuja na asilimia 8. Hakitoshi kuajiri mhasibu wa kudumu. Tunarudi pale pale, na aliyetunyima pesa ya kujiimarisha ndiye anayesema hatujaimarika.

Kuna mara chache mzunguko huu ulikatwa. Mwaka 2010 Marekani ilianzisha MEPI, mpango wa elimu ya udaktari: dola milioni 130 kwa miaka mitano, na ruzuku zikapewa vyuo vya Afrika vyenyewe badala ya kupitia kwa wakubwa. Makerere walipata, Chuo Kikuu cha Nairobi walipata, chuo cha KCMC pale Moshi walipata. Pesa ikiingia kwenye akaunti yako mwenyewe, na wewe ndiye unayejibu maswali ya Washington, hutakuwa na ujanja: utaanzisha ofisi ya ruzuku utake usitake. Kwangu mimi hilo ni funzo kubwa kuliko mtaala wowote uliotoka pale.

Halafu kuna muda. Taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara ilianza 1957 kama maabara ndogo ya Mswisi Rudolf Geigy, na Waswisi hawakuondoka baada ya miaka mitatu. Walikaa miongo, wakitoa hata pesa isiyofungwa kwenye mradi mmoja. Leo tunaisifu Ifakara kana kwamba iliota yenyewe bondeni Kilombero.

Wenye uzoefu, tiririkeni. Na wanaopinga pia.

Sikonge Junior

Mkuu, andiko zuri ila niulize kishamba. Miaka yote hiyo damu zinatolewa, sampuli zinapanda ndege, wazungu wanapata uprofesa. Mama wa Nzega kapata nini? Hiyo ovahedi ikiwa 8 au 80 kwake inabadilisha nini?

Mama Sampuli

Sikonge Junior, swali si la kishamba kabisa, na mimi ni muuguzi wa utafiti kwa hiyo nalikuta kila kijiji. Huwa natoa mfano mmoja.

Mtoto akija na homa kali na dalili za mshtuko, damu haizunguki vizuri, vitabu vya nchi tajiri vilisema mwongezee maji ya mshipa kwa kasi. Sote tulifundishwa hivyo. Mtafiti Kathryn Maitland aliyekuwa Kilifi, pwani ya Kenya, na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania wakalipima kwa watoto 3,141, utafiti ulioitwa FEAST. Matokeo yalitoka 2011. Katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji kwa kasi walikufa takriban asilimia 10.5, wasiopewa asilimia 7.3. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, maana matibabu yenyewe yalikuwa yanaua.

Hospitali zile nyingi hazina mashine za kupumulia. Mtoto ana malaria kali, ana upungufu wa damu, ana utapiamlo. Hakuna mtu wa London ambaye angepata jibu hilo akiwa London. Lingepatikana tu kwenye wodi zetu, na wodi zetu ziliweza kulitoa kwa sababu tayari kulikuwa na wauguzi waliozoea kupima, kuandika kwa saa na kupata ridhaa ya mzazi usiku wa manane.

Na chandarua anacholalia mama wa Nzega: takwimu zilizoisukuma serikali zilitoka Kilombero na Ulanga, ambako vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa chini ya miaka mitano kwa asilimia 27. Zikachapishwa 2001. Hati Punguzo, ya kununulia chandarua kwa bei nafuu, ikaanza 2004. Wapo humu ambao mama zao walienda dukani na hati ile.

Kwenye sampuli kupanda ndege nakubaliana nawe. Ndiyo maana H3Africa, mradi wa vinasaba wa NIH na Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, uliomalizika 2022, ulijenga hifadhi za sampuli Uganda, Nigeria na Afrika Kusini. Bila friza ya kuaminika hapa, mkataba wa kuzuia sampuli zisitoke ni karatasi tu.

Sikonge Junior

Hapo kwenye watoto umenimaliza, dada. Naendelea kusoma.

Mzee wa Semina

Mnaongea kana kwamba tatizo lote liko kwa mfadhili. Hebu tujiangalie. "Kujenga uwezo" kwetu ni nini? Siku tano hotelini Morogoro, posho, chai ya saa nne, cheti chenye nembo sita. Watu wale wale kila mara. Nawajua wenye vyeti vya uandishi wa maandiko ya miradi kujaza kabati, na hawajawahi kutuma andiko hata moja. Ripoti inasomeka "watafiti 40 wamejengewa uwezo", mfadhili anafurahi, mkuu wa idara anafurahi.

Ongezeni ovahedi hadi 30 bila kubadili hili, mtapata semina ndefu zaidi.

Pipeti Kavu

Mzee, shikamoo. Umepiga panapouma na sina la kubisha kwenye semina. Ila semina zinapendwa kwa sababu ndicho kitu ambacho ruzuku ya miaka mitatu inaweza kukimaliza na kukihesabu. Mtu wa uzamivu hahesabiki haraka hivyo. Anachukua miaka minne au mitano, kisha miwili mitatu ya kushikwa mkono kabla hajaandika ruzuku yake mwenyewe. Hakuna mradi wa miaka mitatu unaomwona mtu huyo akikomaa.

DELTAS Africa, mpango wa kukuza watafiti, walijaribu kulibadili hilo. Kuanzia 2015 Wellcome na serikali ya Uingereza waliweka pauni milioni 60, programu 11 zinazoongozwa na wanasayansi walio Afrika kwenyewe: Sewankambo wa Makerere, Djimdé wa Mali, na wengine. Ngazi nzima ililipiwa, kutoka uzamili hadi mtafiti anayesimama mwenyewe, na usimamizi ukawekwa Nairobi. Uwanja haukuwa laini. Mwaka 2021 wafadhili walitofautiana na Chuo cha Sayansi cha Afrika kilichokuwa kinasimamia, kazi ikahamia kwenye taasisi mpya, Science for Africa Foundation. Lakini hata ule mtikisiko ulikuwa wa kwetu, umetokea Nairobi, na somo la utawala limebaki Nairobi.

Pwani Si Kame

Hamjambo wadau. Mkenya hapa, wa upande wa Mombasa.

Nataka kupunguza chumvi kidogo kwenye sifa za Kilifi. Kituo cha Wellcome na KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba, kimeanza 1989, na kweli ni mfano. Tangu 2000 wanawafuatilia wakazi zaidi ya robo milioni, nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, na wameunganisha na hospitali. Kitu kama hicho hukijengi kwa ruzuku moja.

Lakini tazama ramani. Kilifi, Kisumu, Entebbe, Ifakara, Mwanza, Moshi. Kila wito wa maandiko ukitoka, majina ni hayo hayo. Aliyenacho anaongezewa, na kwa haki kabisa, maana wakaguzi wa maandiko wanaangalia ulifanya nini kabla. Mtu wa Lodwar atashindaje? Wa Mtwara je? Wa Garissa? Ugonjwa wa kala-azar uko Turkana na Baringo, wanaouandikia wengi wanakaa Nairobi.

Kwa hiyo tunalilia upendeleo wa Kaskazini dhidi ya Kusini, na sisi wenyewe ndani tuna Kaskazini yetu.

Karani wa Bohari

Pwani umesema kweli tupu.

Mimi niko hospitali ya mkoa, sitaitaja. Tulipewa mashine ya kupima na mradi mmoja. Nzuri, inang'aa. Vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, ni vya kampuni ile ile tu, vya mwingine haivikubali. Mradi ulipofunga, boksi moja la vitendanishi likawa linazidi bajeti yetu ya robo mwaka. Mkataba wa matengenezo ulikuwa wa mwaka mmoja. Kipuri kikiagizwa kinakaa bandarini tukibishana nani analipa kodi, maana msamaha uliandikwa kwa jina la mradi na mradi umeshakufa. Mashine ipo, imefunikwa kitambaa.

Anayeandika andiko sasa hivi: usinunue kifaa kabla hujajua fundi wake anakaa mji gani.

Bukavu502

Jambo bandugu. Mimi mtu wa Bukavu, nafanya kazi ya maabara Louisville, Kentucky. Nasoma uzi huu nacheka kidogo, kwa sababu hilo la Pwani Wamarekani wenyewe wanalo na walilitungia sheria.

Pesa za NIH zinakwenda sana Boston, California, New York, Maryland. Majimbo kama Kentucky, West Virginia, Mississippi, Montana na Alaska yalikuwa yanaokota makombo. Mwaka 1993 Bunge lao likaagiza NIH ianzishe mpango unaoitwa IDeA kwa majimbo yaliyokuwa yanapata kidogo. Leo ni majimbo 23 pamoja na Puerto Rico. Hawashindani na Harvard kwenye fungu hilo, wanashindana wao kwa wao. Mwaka 2023 fungu lilikuwa takriban dola milioni 425, chini kidogo ya asilimia 1 ya bajeti nzima ya NIH.

Niwaeleze inavyofanya kazi, maana hapo ndipo kuna kitu cha kuiga.

Kuna vituo vinaitwa COBRE. Chuo kinachagua mada moja, tuseme saratani au magonjwa ya moyo. Mtafiti mzoefu anaongoza. Chini yake wanakaa vijana wachache, kila mmoja ana mradi wake, pesa yake, na mlezi wake. Mashine kubwa ni za wote, kila moja ina mtaalamu wake anayelipwa na kituo. Kijana akishinda ruzuku yake mwenyewe kubwa, anatoka, nafasi yake anaingia mwingine. Kipimo cha kituo ni wangapi wametoka, si wangapi wamehudhuria. Mzee wa Semina naona utapenda hiyo.

Na muda: awamu tatu, kila moja miaka mitano. Kumi na tano. Awamu ya mwisho kazi yake hasa ni kuhakikisha zile mashine za pamoja zinasimama zenyewe.

Kuna sehemu nyingine, INBRE, moja kwa kila jimbo. Chuo kikubwa kinakuwa kiongozi na vyuo vidogo vinafungwa naye kwenye mtandao mmoja. Mwanafunzi wa kachuo ka milimani anakuja kiangazi kufanya kazi kwenye maabara ya kweli, mwalimu wake anapata pesa kidogo ya kuanzia. Hapa kiongozi ni Chuo Kikuu cha Louisville.

Si peponi. Kuna majimbo yamo tangu mwanzo na hayajatoka, na wakubwa wananung'unika kwamba sayansi haigawanywi kama mchele. Lakini hakuna anayewauliza Kentucky "kwa nini baada ya miaka mitatu hamjajitegemea".

Pwani Si Kame

Miaka kumi na tano, kwa nchi tajiri kuliko zote duniani, kwa majimbo yenye lami na umeme. Na sisi tunapewa mitatu na ripoti kila robo.

Dokta Nusu

Naomba niwe mbaya kidogo. Nani alisema COBRE yetu lazima ilipwe na Mmarekani?

Umoja wa Afrika ulishakubali nchi zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Mwaka 2008 Bamako, mawaziri wakakubali wizara za afya zitenge angalau asilimia 2 za bajeti zao kwa utafiti. Kenya iliandika asilimia 2 ya pato la taifa kwenye sheria yake ya sayansi ya 2013, sheria kabisa, si hotuba. Tanzania ina COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa sheria ya 1986. Karatasi tunazo. Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 tulijua kutunga taasisi: NIMR ya utafiti wa tiba Tanzania na KEMRI ya Kenya zote mbili zimezaliwa 1979, kila nchi ilikimbilia kuokoa maabara zake. Leo mishahara inalipwa na hazina, na swali la kisayansi linaletwa na mfadhili. Anayelipia swali ndiye anayechagua swali. Waingereza walipopunguza misaada 2021 kutoka asilimia 0.7 ya pato lao hadi 0.5, miradi ya watu ilikatwa katikati. Ni haki yao, hela ni yao.

Nisichokubali ni hesabu kwamba hatuna. Fungu dogo la nchi, la kila mwaka bila kukosa, lenye dirisha la mikoa isiyo na historia ya ruzuku, lingefanya zaidi ya mradi mmoja mkubwa unaokuja na kuondoka.

Pipeti Kavu

Dokta, nakuunga mkono nusu, kama jina lako.

Hazina ikianza na kidogo kisichokatika, hata mfadhili anabadilika, maana sasa anakuta kitu cha kuchangia. Ila usiwaachie wafadhili njia rahisi ya kusema "basi serikali zenu". Utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S ulihitaji vituo 11 katika nchi saba, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo, na watoto zaidi ya 15,000. WHO ilipoipendekeza ile chanjo Oktoba 2021 ilikuwa kwa faida ya dunia, kampuni na wanasayansi wa nje wakiwemo. Kazi ya dunia ilipiwe gharama yake kamili, na LUKU imo kwenye gharama hiyo. Hiyo si sadaka.

Wazo la Bukavu502 ndilo ningelipeleka mbele: wito wa Afrika Mashariki ambapo Kilifi au Ifakara haiwezi kuomba peke yake, lazima ije na hospitali ya mkoa au chuo kidogo, na kipande cha yule mdogo kiwe na mtumishi wake wa kudumu na akaunti yake.

Binti Nachingwea

Samahanini wakubwa, nimesoma kimya tangu juu. Mimi ni mkufunzi msaidizi chuo kidogo cha afya, kusini. Tumealikwa kuwa washirika kwenye andiko la chuo kikubwa, bajeti wametuma, sisi tumewekewa "ukusanyaji wa sampuli" na posho za wahojaji. Dirisha linafungwa wiki ijayo. Niombe nini bila kuonekana nasumbua?

Pipeti Kavu

Mdogo wangu, sumbua. Wiki moja inatosha.

Kwanza, uliza ovahedi ya kipande chenu ni kiasi gani na inaingia akaunti ya nani. Wengi wanaiacha kwa kiongozi bila kujua. Pili, omba nafasi ya uzamili au uzamivu kwa jina la chuo chenu, mada itokane na data mtakazokusanya ninyi. Tatu, makubaliano ya uandishi yaandikwe sasa, kabla ya pesa: nani anaongoza makala ipi. Kifaa chochote kitakachokuja kwenu, hati ya umiliki iwe ya chuo, siyo ya mradi, Karani wa Bohari kashakuonyesha kwa nini. Na nusu ya mshahara wa mhasibu wenu kwa muda wote wa mradi.

Karani wa Bohari

Ongeza matengenezo ya friza na kidhibiti umeme. Kusini umeme wenu naujua.

Binti Nachingwea

Asanteni sana. Nimewatumia jioni hii. Ovahedi wamesema "tutaangalia". Uzamivu wamekataa, uzamili wamekubali mmoja. Mhasibu wameniuliza wa nini wakati wao wanaye. Nimewajibu kwamba wa kwao hajui njia ya Nachingwea. Wakirudi nitaleta majibu humu humu.

Mzee wa Semina

Huyo binti apewe uprofesa.